Daftari la Madeni: Mwisho wa Tamthilia Ndefu na Mashabiki Wake

Hotuba kwa waandishi, waigizaji na wasanii wa sauti, Bagamoyo

Wazee wetu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Mliotembea kwa miguu kutoka Dunda na Magomeni, mliopanda bodaboda kutoka Kaole, na mlioamka alfajiri kuwahi gari la kutoka Dar es Salaam, karibuni nyote. Feni ni mbili tu, kwa hiyo wa nyuma sogeeni mbele.

Mada ni mwisho. Tamthilia imeonyeshwa miaka kumi, ishirini, mingine hamsini, halafu siku inafika inazimwa. Usiku huohuo, na mara nyingi ndani ya nyumba moja, mmoja analia, mwingine anasonya, wa tatu anasema "afadhali", na wa nne anauliza kesho saa hizi tutaangalia nini. Watayarishaji wakiona hivyo husema mashabiki hawana shukrani. Wanashukuru sana, ila wanadai.

Tamthilia ndefu huishi kwa kukopa. Ijumaa jioni mlango unafunguka, uso wa mama mwenye nyumba unabadilika, muziki unapigwa, sisi hatujaoneshwa aliyeingia. Hapo tamthilia imekopa subira ya mtu mpaka Jumatatu. Miaka 20 ina Ijumaa zaidi ya 1,000. Baadhi ya mikopo hiyo hulipwa wiki inayofuata, baadhi husahauliwa na mwandishi aliyehama, lakini aliyekopesha hasahau. Bibi aliyeona mtoto akiibiwa wodini mwaka wa tatu, mwaka wa kumi na nane bado anauliza yule mtoto yuko wapi. Siku ya mwisho wadai wote wanafika mlangoni kwa pamoja, na kila mmoja ana stakabadhi yake.

Fundi wa hadithi za kwetu alijua kujilinda. Alianza kwa "Hadithi, hadithi", akaitikiwa "Hadithi njoo", na alipomaliza alisema wazi kuwa hadithi imeishia hapo: ikiwa njema, wema ni wetu sote, ikiwa mbaya, ubaya ni wangu mimi peke yangu. Mlango ulifungwa kwa komeo na lawama ikabaki kwa mwenyewe. Runinga haina komeo hilo. Majina yanapanda kwenye skrini, tangazo la unga wa ugali linaingia, basi.

Tutofautishe kwanza, maana huku tunaita vyote tamthilia. Zile za Meksiko, Venezuela na Kolombia zilizotushika miaka ya nyuma ziliandikwa ziishe. Nyingi huwa na episodi 120 hadi 180, miezi kadhaa basi, na mwandishi anajua tangu mwanzo kuwa yule mfanyakazi wa ndani ataolewa na mwenye shamba. Ile nyingine, tamthilia ya sabuni ya Marekani, ilizaliwa redioni ili kuuza sabuni. Irna Phillips aliandika *Painted Dreams* mjini Chicago mwaka 1930. Mwaka 1937 ikafuata *Guiding Light*, ikahamia kwenye televisheni mwaka 1952, na haikuzimwa mpaka tarehe 18 Septemba 2009. Miaka 72! Mtambo wa namna hiyo ulijengwa ili mama wa nyumbani arudi kesho. Waandishi wake walikuwa mabingwa wa kuwasha moto, lakini hapakuwa na darasa la kuzima jiko.

Ndiyo maana jambo la kwanza la kuuliza tamthilia inapofungwa ni taarifa ilitolewa siku ngapi kabla. *Guiding Light* ilitangaziwa kifo chake tarehe 1 Aprili 2009 (tarehe ambayo kwetu watu hudanganyana). Kutoka hapo hadi Septemba ni wiki 24, yaani episodi 120 hivi kwa mpango wa siku tano kwa wiki. Zinaonekana nyingi. Toa zilizokwisha kurekodiwa, kwa sababu tamthilia za kila siku hurekodiwa wiki kadhaa kabla ya kurushwa. Toa tena zilizokwisha kuandikwa, ambazo kuzibadili ni gharama. Kinachobaki mkononi ni pungufu sana, na madeni ni ya miaka 72.

Sasa tukae kidogo na *As the World Turns*, kwa sababu yenyewe peke yake inaonyesha malipo mazuri na malipo mabaya ndani ya wiki moja. Ilianza tarehe 2 Aprili 1956, na sauti ya kwanza kusikika ilikuwa ya Nancy Hughes akimsalimia mumewe asubuhi. Ilikwisha tarehe 17 Septemba 2010, baada ya episodi 13,858, na neno la mwisho alipewa mwanawe Nancy, Daktari Bob Hughes, mzee anayefungasha ofisi yake: usiku mwema. Asubuhi kwa mama, usiku kwa mwana, miaka 54 katikati. Helen Wagner, aliyeigiza Nancy tangu siku ile ya kwanza, alifariki Mei 2010, miezi michache kabla ya kufika mwisho. Mtazamaji wa zamani aliyesikia lile "usiku mwema" hakuhitaji kuelezwa. Na malipo hayo hayakugharimu chochote: chumba kimoja, muigizaji mmoja mkongwe, maneno mawili.

Wiki hiyohiyo, waandishi walimuua Daktari Reid Oliver. Gari lake lilinasa kwenye reli, treni ikamgonga, na moyo wake ukapandikizwa kwa mgonjwa mwingine ili yule apone. Kwenye karatasi inapendeza, moyo unaokoa moyo. Lakini Reid alikuwa ameletwa miezi michache tu kabla, watu wakampenda, wakaanza kuusubiri uhusiano wake utulie. Kumuua siku chache kabla ya kufunga duka ni kufungua mkopo mpya wakati hazina haina kitu. Msiba unahitaji matanga, na hapakubaki siku za kukaa matanga. Mpaka leo wako wanaoutukuza mwisho ule kwa ajili ya Bob na kuulaani kwa ajili ya Reid, na mara nyingi ni mtu yuleyule.

Halafu kuna *All My Children*, na hapa waandishi wa Bagamoyo fungueni masikio. Ilianza tarehe 5 Januari 1970. Aprili 2011 ikatangazwa kuwa inafungwa, na Septemba 23 ikaisha kwenye runinga. Katikati, mwezi Julai, kampuni iitwayo Prospect Park ikajitokeza kusema itaiendeleza kwenye intaneti. Waandishi wakabaki na mguu mmoja ndani na mwingine nje: wafunge au waache wazi? Wakaacha wazi. Sherehe, jumba kubwa, JR Chandler kajificha na bastola, skrini inakuwa nyeusi, risasi inalia. Nani kapigwa? Novemba ile kampuni ikasema mpango umesimama. Watu wakaachwa kwenye mataa. Tamthilia ilirudi mtandaoni tarehe 29 Aprili 2013, miezi 19 baadaye, na mwaka huo haukuisha kabla haijasimama tena.

Kosa lao tulitaje kwa jina lake: walilipa deni la leo kwa hundi ya kesho. Mkiambiwa kuna mnunuzi anakuja, andikeni mwisho uliofungika, kisha acheni dirisha dogo. Mnunuzi akija, atapitia dirishani. Asipokuja, nyumba imefungwa. Dirisha ni kitu kama barua isiyosomwa au safari iliyopangwa. Risasi ni mlango wa mbele uliong'olewa.

Mengine tuyapite haraka. *Dark Shadows*, ya mizimu na wanyonya damu, ilifungwa tarehe 2 Aprili 1971 baada ya episodi 1,225, na msimulizi akatoa sauti kueleza kuwa zile alama shingoni mwa msichana zilikuwa za mnyama tu, na kwamba maisha yaliendelea. Dakika moja, madeni yamefutwa kwa mdomo. Redioni sauti ya namna hiyo inafaa, kwenye picha ni kama mwenye duka anayekutangazia kupitia dirishani kuwa amekwisha kukulipa. *Crossroads* ya Uingereza ilipofufuliwa, ikaishia mwaka 2003 kwa kutuambia yote yalikuwa ndoto ya mfanyakazi wa supamaketi. Msiandike ndoto. *Brookside*, nayo ya Uingereza, ilimaliza miaka 21 mwezi Novemba 2003. Mhusika Jimmy Corkhill akachukua rangi akaongeza herufi moja kwenye kibao cha jina la mtaa, na jina likasomeka kuwa mtaa umefungwa. Utani wenye uchungu, na ulimfaa Jimmy kabisa.

*Neighbours* ya Australia ilipata tatizo ambalo hakuna aliyelitarajia, la kuagwa vizuri mno. Ilikuwa hewani tangu Machi 1985. Julai 28, 2022 ikaaga kwa kuwarudisha watu wake wa kale, wakiwemo Kylie Minogue na Jason Donovan, na mashabiki wakalia kilio cha kuridhika. Miezi michache baadaye ikatangazwa kuwa inarudi, na Septemba 2023 ikarudi kweli. Watu wameanua matanga, wamekunja mikeka, wamerudisha masufuria ya jirani, marehemu anabisha hodi. Unafurahi, lakini machozi yale uliyatoa kwa nini? Desemba 2025 ikafungwa mara ya pili, na vilio vikawa vichache. Mtu hawezi kuzikwa kwa uchungu uleule mara mbili.

Na sisi je? Kabla hamjadhani ujuzi wote ni wa kuagiza, kumbukeni *Twende na Wakati* ya Radio Tanzania, iliyoanza Julai 1993. Mkwaju dereva wa lori, mwenye mwanamke kila kituo. Tunu mkewe, aliyechoka kusubiri akaanza kujitegemea. Mchezo ule ulijengwa kwa njia ya Miguel Sabido wa Meksiko: wahusika wema, wahusika waovu, na wale wa katikati wanaoyumba mpaka wachague upande. Katika njia hiyo hatima ya kila mmoja hupangwa kabla ya skripti ya kwanza kuchapwa. Mkwaju aliugua ukimwi akafa, na msikilizaji alikuwa ameliona lori likielekea huko muda mrefu. Alihuzunika bila kuhisi ametapeliwa. Muda wa redio ni mfupi na bajeti ndogo, lakini daftari lao lilikuwa safi.

Daftari lenyewe sasa. Chukueni kitabu cha kawaida cha mistari, mchore safu tano: swali, liliulizwa lini, nani anadai, linahitaji nini (seti, muigizaji, siku za kurekodi), litalipwa wiki ipi. Apewe mtu mmoja asome muhtasari wote tangu episodi ya kwanza. Kama muhtasari haupo, na kwetu mara nyingi haupo, tafuteni shabiki mmoja sugu, mkalisheni na chai na maandazi, atawatajia madeni ambayo hata mwandishi mkuu ameyasahau. Halafu yapangeni kwa uzito. Nani mzazi wa nani, nani aliua, nani ataoa nani: hayo ni makubwa. Ugomvi wa shamba, duka lililofilisika, rafiki aliyesaliti: ya kati. Yanayobaki ni chenji.

Chukulia mmebakiwa na episodi 60, wiki 12. Wiki mbili za kwanza msilete mhusika mpya hata mmoja, lipeni chenji tu, sentensi moja moja ndani ya mazungumzo mengine. Wiki ya tatu mpaka ya nane ni ya madeni ya kati. Makubwa yaanze wiki ya tisa, na yasizidi mawili kwa wiki. Mkifika episodi tano za mwisho yabaki mawili, na episodi ya mwisho kabisa ibaki na moja. Wengi hufanya kinyume: wanavuta kama mpira wiki tisa, kisha wiki tatu wanamwaga kila kitu, harusi tatu na misiba miwili Alhamisi moja. Mtazamaji hapati hata nafasi ya kujipepea.

Tena kila deni kubwa lina maonyesho matatu: kugundua, kukabiliana, na kesho yake. Mawili ya kwanza kila mtu huandika, ya tatu hukatwa kwa sababu "haina tukio". Tazameni mfano huu wa kutunga. Kijana amegundua kwamba yule mama muuza samaki sokoni ndiye aliyemzaa. Juzi amegundua, jana wamekabiliana, wamelia, muziki umepigwa. Leo ni asubuhi. Yuko jikoni kwa yule mama, amekaa kwenye kibao cha mbuzi kwa kukosa kigoda. Mama anamimina chai ya rangi, anasukuma kikombe, anaongeza sukari bila kuuliza, kijiko cha tatu, cha nne. Kijana hanywi chai ya sukari nyingi. Anapokea kwa mikono miwili, anasema "Shikamoo..." na anakwama, kwa sababu jana asubuhi huyu alikuwa Bi Mkubwa wa samaki na leo hajui amalizie na neno gani. Mama anageukia jiko. "Marahaba," anasema, "kunywa kabla haijapoa." Anakunywa yote. Nusu dakika, seti moja ya jikoni, hakuna fidla. Shabiki wa miaka kumi amelipwa hapo. Ukilikata onyesho hili ukabakiza kukumbatiana, atasema "wameharakisha", na yeye mwenyewe hataweza kukueleza kilichokosekana ni nini.

Seti nazo zina zamu yake. Siku za mwisho studio huanza kuvunja mapambo ili kupunguza kodi, kwa hiyo mwandishi ajue sebule ya familia kuu ivunjwe ya mwisho. Maonyesho yote ya hospitali yarekodiwe mfululizo, seti iondoke. Waigizaji wakongwe mnaowarudisha, wapeni siku moja, maonyesho manne mpaka sita, katika seti waliyozoeleka na kando ya mtu waliyegombana naye zamani. Mzee akirudishwa, akae kwenye kiti chake kilekile. Msimpe kisa kipya. Na muovu wa miaka minane asitubu kwa dakika tatu akiwa kwenye dripu. Hiyo mashabiki hawaisamehi, na wana haki.

Wasanii wa sauti mlioko hapa, yenu ni tofauti kidogo. Tamthilia za Kituruki zinazowekewa Kiswahili, kama ile ya *Sultan* iliyoteka nyumba nyingi, kule kwao episodi moja hufikia saa mbili. Kwa soko la nje hukatwa vipande vya dakika 45 hivi. Mkataji ndiye anayeamua Ijumaa mtu aachwe njia panda ya wapi, na asipoangalia atalikata kaburi la mhusika katikati, nusu leo, nusu kesho. Ombeni vipande vya wiki ya mwisho vyote kabla ya kuanza kurekodi, muone mikato iko wapi. Na msibadilishe sauti ya mhusika mkuu katika episodi za mwishoni hata kama msanii ana mafua; afadhali msubiri siku tatu. Mtu aliyemsikia Hürrem, mke wa sultani katika tamthilia hiyo, kwa sauti moja mamia ya jioni hatamzika kwa sauti ya mgeni.

Vituo navyo visikilize. Mwisho utangazwe wiki tatu kabla, tarehe na saa, kwa sababu vifurushi huisha na watu hujipanga. Nyumba yenye king'amuzi kilicholipiwa itapokea majirani baada ya isha, na mkeka utatandikwa mpaka barazani. Umeme ukikatika dakika kumi za mwisho, na hukatika, kesho yake asubuhi pawe na marudio, tena mawili. Kuhusu saa ile itakayobaki tupu, wako wanaotaka tamthilia mpya ianze kesho yake palepale. Maoni yetu ni kuwa hilo ni haraka mno, kama kuposa kwenye arobaini. Wiki moja ya episodi za zamani zilizopendwa inatosha, kisha endeleeni.

Maana kuna shabiki ambaye deni lake halimo kwenye hadithi kabisa. Yeye alishikwa na ile saa: magharibi imepita, watoto wamekula, miguu imenyooshwa. Hata Sultan asingekuwepo, angekaa. Huyu ndiye anayesema "afadhali imeisha, walikuwa wanavuta tu", na jioni inayofuata anawasha runinga saa ileile, anabaki na rimoti mkononi. Nafuu na upweke vimemkalia pamoja. Wa Bagamoyo mnalielewa hilo, mmesimuliwa mpaka mmechoka kwamba jina la mji huu, "bwaga moyo", wengine hulisoma kwa nafuu ya mpagazi aliyefika pwani akatua mzigo, na wengine kwa uchungu wa mtumwa aliyejua harudi tena bara.

Hata mkilipa kila kitu mtagawa watu, kwa sababu madeni mengine yanapingana. Tuseme nusu ya nchi inamtaka Zuhura aolewe na Idi, nusu na Kassimu, na Zuhura ni mmoja. Msijisumbue kutafuta mwisho wa kumridhisha kila mtu. Sikilizeni lawama imeanzaje. Wakisema "Zuhura kakosea, yule Kassimu atamtesa", kazi yenu imesimama, kwa sababu bado wanamgombeza Zuhura kama ndugu yao. Wakisema "waandishi wameboronga", pazia limedondoka na wamewaona nyuma yake.

Madaftari yako mezani pale mlangoni, yameshachorwa zile safu tano. Kila kundi la watu wanne lichague tamthilia moja iliyokwisha ambayo wote mliiangalia, mjaze safu ya kwanza na ya tatu bila kubishana. Kubishana kutakuja kwenye safu ya tano, na hapo tutawapitia kundi baada ya kundi. Tukutane tena hapa baada ya swala ya adhuhuri.